Kuinstoli PostgreSQL kwenye seva: komandi moja, halafu milango mitatu

Kuinstoli PostgreSQL kwenye seva ya Linux ni komandi moja na haimalizi hata dakika tano, hilo halina ubishi. Balaa linaanza baada ya hapo, pale unapotumia pasiwedi uliyoiweka mwenyewe sekunde kumi zilizopita na databesi inakwambia haikutambui, au apu iko kwenye seva ya pembeni inabisha hodi wee mpaka inachoka na hakuna anayeitika. Kwa hiyo kuinstoli kwenyewe nitapita mbiombio, nitakaa sana kwenye milango, maana ukitaka kuifikia databesi hii kutoka nje unapita milango mitatu na kila mmoja una ufunguo wake, na wengi wanaokesha na hii kitu wanakuwa wanagonga mlango ulio wazi siku zote huku uliofungwa hawajauona.

Mfano wangu ni Ubuntu 24.04. Debian ni karibu mulemule. Kwa wa Rocky na AlmaLinux mafaili yanakaa kwingine na databesi unaiandaa mwenyewe kabla ya kuiwasha, ila maelezo ya milango ni yaleyale.

Kwanza lugha ya seva

Watu wanairuka hii halafu wanakuja kujuta. Andika

locale

uangalie LANG inasemaje. Inatakiwa iishie na UTF-8 (mtindo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), iwe en_US.UTF-8, iwe C.UTF-8, yoyote. Kwa nini tunajali? Kwa sababu paketi ya Ubuntu na Debian haikuulizi kitu, palepale inapoinstoliwa inazaa klasta ya kwanza (PostgreSQL moja inayoendesha databesi zake zote) na inarithi lugha iliyoikuta, sasa kama seva yako ni zile zilizovuliwa kila kitu na LANG iko tupu unaweza kujikuta databesi imezaliwa na SQL_ASCII, yaani haikagui herufi kabisa, inameza chochote unachoipa. Wiki ya kwanza kila kitu poa. Siku programu mbili tofauti zinaingiza majina yenye herufi za alama juu, kila moja kwa mtindo wake, ndo utaona vituko kwenye skrini na kuvisafisha ni kazi ya mkono. Rekebisha mapema:

sudo locale-gen en_US.UTF-8
sudo update-locale LANG=en_US.UTF-8

halafu toka, ingia tena. Kama ushainstoli tayari, ingia psql (programu ya kuandikia databesi amri, kuingia naeleza chini) uandike \l uangalie safu ya Encoding. Ikisema SQL_ASCII na ndani bado hamna kitu cha maana, futa klasta uzae upya:

sudo pg_dropcluster --stop 16 main
sudo pg_createcluster --locale en_US.UTF-8 --start 16 main

Nimesema kama ndani hamna kitu. Hiyo ya kwanza inafagia data yote na haikuulizi mara mbili.

Kuinstoli kwenyewe

sudo apt update
sudo apt install postgresql

Basi, imeisha. Ubuntu 24.04 inakupa toleo la 16, 22.04 inakupa la 14, Debian 12 la 15. Kila toleo kubwa la PostgreSQL linapewa marekebisho kwa miaka 5 tangu litoke, kwa hiyo kama mradi ni wa kukaa sana na unataka toleo jipya zaidi, chukua kwenye hazina ya PostgreSQL wenyewe, na uichukue KABLA hujainstoli hilo la Ubuntu:

sudo apt install -y postgresql-common
sudo /usr/share/postgresql-common/pgdg/apt.postgresql.org.sh
sudo apt install postgresql-17

Hilo la kabla nalisisitiza kwa sababu ukiinstoli 17 juu ya 16 haifuti ya zamani wala haihamishi data, unakuwa na klasta mbili zinazopumua pamoja, ya kwanza poti 5432 na ya pili inasogezwa 5433. Mimi hii ilinila nusu siku nzima, naingia naona data zote zipo, apu inaingia inasema meza haipo, nimeshika kichwa nadhani kuna mtu kafuta, kumbe mimi naongea na 16 na apu inaongea na 17. Komandi ambayo ingeniokoa ni hii:

pg_lsclusters

Inakuonyesha kila klasta, toleo lake, poti, kama iko online au down, data iko foda gani na logi iko wapi. Izoee hii kuliko systemctl. Maana ukiandika systemctl status postgresql utaona imeandikwa active (exited) na roho itakupasuka ukidhani imewaka ikazimika, wakati iko sawa tu, hiyo postgresql ni mwamvuli, anayefanya kazi anaitwa postgresql@16-main. Huyo ndo umuulize hali.

Kuingia mara ya kwanza

Usitafute pasiwedi ya postgres, yuza mkuu wa databesi, haipo. Unaingia hivi:

sudo -u postgres psql

Ukiwa umesimama kwenye foda la /root itakulalamikia could not change directory to "/root": Permission denied, achana nayo, ni onyo tu la kwamba yuza postgres haruhusiwi kusimama hapo. Ukishaingia unaona postgres=# na hapo ndo unaandika.

Angalia hiyo alama kwa makini kwa sababu inaongea. Ukiandika amri ukasahau nukta mkato mwishoni, ukabonyeza enta, hakuna kitakachotokea, ila =# itageuka kuwa -# maana yake bado inakusubiri umalizie. Wengi wanaandika amri ileile tena na tena wakidhani imeganda, mwisho wanaweka nukta mkato na zote tatu zinaingia kama amri moja ya ajabu, inarudi syntax error. Ikigeuka kuwa '# maana yake umefungua alama ya nukuu hujaifunga. Ctrl+C inakurudisha mwanzo, \q inakutoa nje.

Sasa tutengeneze yuza na databesi ya apu. Tuseme yuza anaitwa mhasibu na databesi inaitwa hesabu. Usiifanye apu iingie kama postgres, huyo ndo mwenye nyumba, anaweza kila kitu mpaka kuendesha komandi za seva, siku apu ikitobolewa umeisha. Toka psql, andika:

sudo -u postgres createuser --pwprompt mhasibu
sudo -u postgres createdb -O mhasibu hesabu

Napenda njia hii kuliko kuandika CREATE ROLE na pasiwedi ndani yake, kwa sababu ukiiandika ndani ya psql pasiwedi inabaki wazi kwenye faili la .psql_history, hapa inakuuliza tu na haiachi alama. Na hiyo -O herufi kubwa usiiache, inamfanya mhasibu awe mmiliki wa databesi. Miongozo ya zamani inakwambia utoe GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE na inatosha, zamani ilitosha kweli, lakini kuanzia toleo la 15 ruhusa ya kila mtu kutengeneza meza kwenye skima ya public (chumba cha kawaida zinakowekwa meza) iliondolewa, kwa hiyo unampa hiyo GRANT, anaingia vizuri, apu ikijaribu kutengeneza meza ya kwanza inapigwa permission denied for schema public. Akiwa mmiliki hilo halimpati.

Kosa la kwanza la kila mtu

Unajaribu kuingia kama mhasibu:

psql -U mhasibu hesabu

Na unapigwa FATAL: Peer authentication failed for user "mhasibu". Hata pasiwedi hukuulizwa! Hapa ndo watu wanaanza kubadilisha pasiwedi mara nne, na pasiwedi haihusiki kabisa. Kilichotokea ni kwamba hukuipa psql anwani, ikapita kwenye soketi ya ndani ya seva, na huko utaratibu unaitwa peer, databesi inauliza mfumo wa seva "huyu aliyesimama hapa ni nani?" mfumo unajibu "ni ubuntu" au jina lolote uliloingilia, na jina halifanani na mhasibu, basi, hupiti. Ndo hiyohiyo sababu sudo -u postgres psql inapita bila pasiwedi, mfumo wenyewe umekutambulisha kuwa postgres. Ukitaka kuulizwa pasiwedi pita njia ya mtandao hata kama uko ndani ya seva hiyohiyo:

psql -h localhost -U mhasibu hesabu

Na apu nayo ikiwa kwenye seva hiyohiyo iandikie localhost kwenye mipangilio yake, umemaliza, milango ya mbele hukuhusu, ruka mpaka kwenye bakapu.

Kitu kimoja nakuomba. Utakutana na mtu anakushauri ubadilishe peer iwe trust "ili ifanye kazi". Itafanya kazi kweli. Trust maana yake yeyote anayefika kwenye mstari huo anaingia kwa jina lolote analotaka, hata postgres, bila kuulizwa kitu. Usifanye.

Milango mitatu

Sasa apu iko seva nyingine, tuseme 10.0.0.7, na databesi iko 10.0.0.4. Anayetoka nje anakutana kwanza na faiawoli, kisha listen_addresses (anwani ambazo databesi inasikiliza), kisha pg_hba.conf (orodha ya wanaoruhusiwa kuingia). Uzuri ni kwamba kila mlango ukikukatalia unakukatalia kwa sauti yake, ukizijua hizo sauti hutabahatisha tena.

Ikikaa kimya, unasubiri, unasubiri, mwisho timeout, huyo kwa kawaida ni faiawoli kameza pakiti bila kujibu. Ikirudi hapohapo na Connection refused, umefika kwenye seva ila hakuna anayesikiliza kwenye hiyo anwani, ni listen_addresses au databesi imezima. Ikisema no pg_hba.conf entry for host, hongera, unaongea na databesi yenyewe, imekuona, ila jina lako halipo kwenye orodha ya wageni. Na ikisema password authentication failed basi milango yote mitatu imefunguka, pasiwedi ndo mbovu au yuza umemkosea jina, hayo mawili yanatoa jibu moja makusudi ili mtu wa nje asijue yuza gani yupo na yupi hayupo. Undani unaandikwa kwenye logi ya seva:

sudo tail -f /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log

Nilipokuwa sijui haya niliwahi kuzima faiawoli nzima ya seva, nikajaribu, ikakataa, nikaiacha imezima huku naendelea kuhangaika kumbe jibu lilikuwa Connection refused tangu mwanzo, faiawoli haikuwa na kosa lolote. Seva ilikaa uchi mpaka kesho yake asubuhi.

Tuanze na listen_addresses. Fungua /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf utaona mstari umeandikwa #listen_addresses = 'localhost'. Hiyo # mbele maana yake mstari umelala, hausomwi, na watu wengi wanabadilisha maneno wanaacha # palepale halafu wanalalamika. Itoe, andika:

listen_addresses = 'localhost,10.0.0.4'

Hapo inakaa anwani ya seva ya databesi yenyewe, ni sikio lake, isitokee ukaweka anwani ya apu. Nyota '*' nayo inafanya kazi ila inafungua masikio yote, mpaka la intaneti, mi siipendi. Mabadiliko haya yanataka restati kamili, rilodi haitoshi:

sudo systemctl restart postgresql@16-main
sudo ss -tlnp | grep 5432

Ya pili inakuonyesha inasikiliza wapi. Ukiona 127.0.0.1 peke yake, rudi ukaangalie ile #.

Kisha pg_hba.conf, iko foda hilohilo. Ongeza mstari:

hostssl hesabu mhasibu 10.0.0.7/32 scram-sha-256

Unasomeka hivi: anayekuja kwa mtandao uliosimbwa, anataka databesi hesabu, kwa jina mhasibu, kutoka anwani hiyo moja tu, aulizwe pasiwedi. /32 ndo inayosema anwani moja tu, ukiweka /24 umekaribisha mtaa mzima wa anwani 256, na 0.0.0.0/0 umekaribisha dunia. Sasa kitu ambacho hakiandikwi sana: faili linasomwa kutoka juu kushuka chini na mstari wa kwanza unaolingana ndo unaoamua, ukikataliwa hapo haiendelei kutafuta mwingine wa kukuonea huruma. Kwa hiyo ukiweka mstari wako mzuri chini ya mstari wa reject unaomgusa mtu huyohuyo, ni kama hukuandika. Hapa rilodi inatosha, na kabla ya kurilodi uliza kama umekosea kuandika mahali:

sudo -u postgres psql -c "SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules WHERE error IS NOT NULL;"
sudo systemctl reload postgresql@16-main

Ikirudisha mistari sifuri uko salama.

Mwisho faiawoli. Kama ufw (faiawoli ya Ubuntu) haijawahi kuwashwa kwenye hiyo seva, ruhusu SSH kwanza ndo uiwashe, la sivyo utajifungia nje ya nyumba yako:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow from 10.0.0.7 to any port 5432 proto tcp
sudo ufw enable

Ukiona bado kimya na ufw iko sawa, angalia paneli ya anayekukodisha seva, wengi wana faiawoli yao ya pili nje ya seva na hiyo ufw haiijui. Na kama unaendesha PostgreSQL ndani ya Docker na poti umeichapisha nje, jua Docker inaandika sheria zake yenyewe na inaipita ufw pembeni, utaona ufw imekataza na poti iko wazi kabisa.

Ila kama unachotaka ni wewe tu kuchungulia data kutoka laptopu yako, usifungue mlango wowote kati ya hiyo. Chimba handaki la SSH:

ssh -L 5433:localhost:5432 ubuntu@anwani-ya-seva

Ukiliacha dirisha hilo wazi, programu yoyote kwenye laptopu unaielekeza localhost poti 5433 na inatokea ndani ya seva kama vile imekaa humo.

Kumbukumbu, kwa kifupi

shared_buffers (RAM ambayo PostgreSQL inajitengea kwa data inayotumika) inakuja na 128MB, ndogo kwa seva ya kazi. Kama seva ni ya databesi peke yake, robo ya RAM ni mwanzo mzuri, RAM ya 4GB weka 1GB, kisha restati. max_connections (idadi ya juu ya koneksheni) inakuja na 100, iache. Ukipigwa too many clients usikimbilie kuweka 1000, kila koneksheni ni prosesi nzima inayokula RAM, mara nyingi ni apu inafungua koneksheni bila kufunga, na kama kweli wateja ni wengi weka PgBouncer (inayogawia wateja wengi koneksheni chache) mbele. Na ukitumia ALTER SYSTEM kubadilisha kitu, kinaandikwa kwenye postgresql.auto.conf ambayo inashinda postgresql.conf, usije ukahariri faili la kawaida mara kumi ukashangaa halisikilizwi.

Bakapu, leo hii, kabla data hazijawa nyingi

sudo install -d -o postgres -g postgres -m 700 /var/backups/pg
sudo -u postgres crontab -e

Kwenye hiyo crontab (ratiba ya komandi zinazojiendesha zenyewe) weka:

30 2 * * * pg_dump -Fc hesabu > /var/backups/pg/hesabu-$(date +\%F).dump

Umeona huo mkwaju \ kabla ya %? Bila huo cron inaichukulia % kama mwisho wa mstari, inakata amri katikati, na hakuna faili linalozaliwa. Ukiijaribu kwa mkono kwenye terminali bila mkwaju inafanya kazi vizuri kabisa, ndo maana inaua. Mimi nilikaa miezi miwili nikijua nina bakapu za kila usiku, siku naingia kwenye foda kuchukua moja nakuta foda jeupe. Hakuna kilichokuwa kimepotea, bahati tu.

pg_dump haibebi mayuza na pasiwedi zao, hao wachukue kwa pg_dumpall --globals-only, na mafaili yote yatoe yaende seva nyingine maana diski ikifa inakufa na bakapu zilizomo. Halafu kesho asubuhi, faili la kwanza likishazaliwa, lirudishe kwenye databesi ya majaribio uone kama ni zima, weka tarehe ya faili lako:

sudo -u postgres createdb majaribio
sudo -u postgres sh -c 'pg_restore -d majaribio /var/backups/pg/hesabu-2025-01-31.dump'
sudo -u postgres psql -d majaribio -c '\dt'

Hesabu rekodi za meza moja kubwa kwa SELECT count(*) huku na kule kwenye hesabu, tofauti iwe ni zile tu zilizoingia baada ya saa nane na nusu usiku. Zikilingana, andika sudo -u postgres dropdb majaribio uendelee na mengine.